Notsi za PCB kwa anotaka udaktari: ziandike zikuulize, zisikae tu zimependeza

Asalam alaykum wadogo zangu. Kila mwaka watu wakianza fomu faivu simu yangu inajaa meseji za aina moja tu, "dada nirushie notsi zako za PCB", yaani fizikia, kemia na baiolojia, na mie kila mara najibu unisamehe mdogo wangu sirushi, halafu mtu ananuna. Wallahi sio uchoyo. Notsi zangu hazitokusaidia, na nitakwambia kwa nini, halafu nikuoneshe namna ya kuandika zako mwenyewe, maana hili jambo mie nilikuja kulijua nishachelewa karibu mwaka mzima.

Nianze na aibu yangu. Nimetoka Wete, Pemba, nikaja kusoma skuli moja Unguja, nakaa kwa mama mdogo Fuoni. Darasani mie ndo nilokuwa na daftari zuri kuliko wote. Peni za rangi sita, rula, vichwa vya habari vimepigwa mstari mara mbili, hailaita ya manjano na ya waridi, watu wanaliazima wanakwenda kulitoa fotokopi. Moki ya kwanza ya fomu siksi, kemia nikapata S, alama ya chini kabisa kabla ya kufeli. Na mwenzangu mmoja aliyelikopi daftari langu hilo hilo kapata C.

Nikakaa barazani nimenuna. Mama mdogo hajasoma sayansi hata siku moja, yeye anauza mandazi, akaniambia hebu lete hilo daftari nikuulize. Akafungua tu popote, akasoma kichwa cha habari kwa shida, bafa, akasema haya nambie bafa ni kitu gani na inafanya kazi vipi. Nikanyamaza. Nakumbuka kichwa cha habari nimekiandika kwa zambarau, nakumbuka kiko ukurasa wa kushoto chini, nakumbuka hata peni iliniishia wino pale nikabadilisha. Bafa yenyewe sikumbuki. Mama mdogo akafunga daftari akasema "basi hili umelichora, hujalisoma".

Ndo hapo nilipoanza upya.

Kwanza ujue unaandikia mtihani gani

Kwetu hakuna mtihani maalumu wa kuingilia udaktari peke yake. Ukitaka MD, yaani shahada ya udaktari, ya chuo cha SUZA hapa nyumbani, au MUHAS Dar, au Bugando, au KCMC, mlango wako ni mtihani wa fomu siksi wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, fizikia, kemia na baiolojia, na alama zinahesabika A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Masharti ya kila chuo yapo kwenye kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha mwaka wako, kisome wewe mwenyewe, usisikilize ya vijiweni, maana hubadilika. Kwa hiyo notsi zako zote za miaka miwili zinaandikiwa hizo pepa, za nadharia na za praktiko. Walio na mpango wa India na kwengine nina maneno nao chini huko.

Sasa kabla hujaandika hata neno moja, tafuta vitu vitatu. Silabasi, pasti pepa, na hichi cha tatu ambacho watu wengi hawakijui, NECTA kila mwaka wanatoa ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, watu wanaiita CIRA, ipo bure kwenye tovuti yao. Mule ndani wanakuonesha swali, wanakwambia watu wangapi walifaulu, wapi walikosea na kwa nini, na wanatia hadi picha ya jibu la mtoto aliyeandika vizuri na la aliyeharibu, kwa mkono wake mwenyewe. Mie siku ya kwanza kuifungua nilihisi kama naibia mtihani. Pakua ya miaka mitano ya kila somo, bando utalitumia mara moja tu, na hayo mapdf mengine mia tatu kwenye grupu yaache huko huko.

Halafu chukua kaunta buku mpya, kurasa mbili za mwanzo andika topiki zote za silabasi, mbele ya kila topiki weka kijistari kila ukiikuta kwenye pasti pepa. Kwa jioni moja tu utaona topiki nyengine zina vijistari kumi na moja na nyengine viwili. Hapo hujaandika notsi hata moja lakini ushajua wapi ukae sana na wapi upite mbio.

Pili, soma peni ikiwa chini

Hili ndo gumu kuliko yote na ndo lenye faida. Sie tumezoea kitabu kushoto daftari kulia, jicho kushoto mkono kulia, kichwa hakipo, kinafikiria futari. Usifanye hivo. Soma kijisehemu, kurasa mbili au tatu, peni iko mezani imelala. Ukimaliza funga kitabu. Sio kukigeuza, kifunge kabisa, kikalie ikibidi. Halafu ndo uandike ulichokumbuka, kwa maneno yako, bila ya kuchungulia. Utaandika mistari minne utakwama. Utaona vibaya, utahisi hujui kitu. Sawa sawa, hapo ndo unasoma sasa. Ukishakwama kweli fungua kitabu, tizama ulichosahau, kitie kwa peni ya rangi nyengine. Hiyo ndo kazi pekee ya peni ya rangi nnayoikubali siku hizi, kukuonesha pale kichwa chako kilipovuja.

Sio maneno yangu tu haya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma, kundi moja likairudia kuisoma tena, kundi jengine likaandika linachokumbuka bila kutizama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo waliokuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yakapinduka, waliojiuliza walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Yaani kurudia rudia kusoma kunakudanganya, usiku ule unajiona umeiva, siku ya pepa hamna kitu. Mie na hailaita zangu nilikuwa kundi la dakika tano.

Tatu, piga mstari ukurasa ugawike

Chukua rula, piga mstari wa kusimama, kushoto acha kama robo ya shibiri hivi, kulia pabaki pakubwa. Mtindo huu aliutoa mwalimu wa chuo cha Cornell Marekani, Walter Pauk, na una miaka zaidi ya sitini, sio kitu kipya. Kulia unaandika maelezo. Kushoto unaandika maswali, na hapo kwenye maswali ndo watu wanapoharibu, mtu anaandika "kazi za figo". Hilo sio swali, hicho ni kichwa cha habari. Swali likuulize kweli, likukere.

Nikuoneshe ukurasa wangu wa figo, nilouandika mwezi wa Ramadhani:

Kushoto: Kwa nini presha ya damu kwenye glomerulasi iko juu?
Kulia: mshipa unaoingia mpana, unaotoka mwembamba → damu inabanana → maji na vitu vidogo vinachujwa, seli za damu na protini kubwa zinabaki.

Kushoto: Zinachujwa lita ngapi kwa siku? Zinatoka ngapi?
Kulia: zinachujwa kama 180, mkojo kama 1.5. Zilobaki zote zimerudi kwenye damu. Glukosi yote inarudi pale kwenye neli ya mwanzo, ikionekana kwenye mkojo uliza kisukari.

Kushoto: Nimefunga, saa kumi alasiri, mkojo rangi ya chai. Eleza.
Kulia: maji yamepungua → damu nzito → haipothalamasi inahisi → pituitari ya nyuma inamwaga homoni ya ADH → mfereji wa kukusanyia unapitisha maji zaidi → maji yanarudi kwenye damu → mkojo kidogo na mzito.

Kushoto: Nimefuturu, nimekunywa madafu matatu. Geuza.
Kulia: (pamebaki patupu)

Hapo mwisho palibaki patupu makusudi, kila nikifika naigeuza mishale mwenyewe kwa mdomo. Na swali la tatu hilo sijaligusa tena mpaka leo, limeganda, kwa sababu nililiona kwa macho yangu mwenyewe siku ile. Kwa hiyo ukiweza kulivuta jambo likaja kwenye maisha yako livute, osmosisi ni embe mbichi ukiitia chumvi inavyotoka maji, mvuke unavyobeba joto ni jasho la gari ya Fuoni saa saba mchana, kila topiki ina kitu chake ukikitafuta.

Nne, chambua

Walokulia Pemba wenzangu wataelewa haraka. Karafuu ikichumwa inakuja na vikonyo vyake, jioni watu wanakaa kwenye jamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo kule. Huwezi kuanika vyote kwa pamoja ukapeleka kuuza, watakurejesha. Na makonyo pia hayatupwi, nayo yana wanunuzi wake na bei yake, ila ni kando.

Notsi ni hivo hivo. Kitabu kinakupa konyo na karafuu pamoja. Historia ya aliyegundua, mifano mitano ya jambo moja, sentensi za kuzunguka, hizo zote makonyo. Unachotaka ni: kitu ni nini, kinafanyika vipi hatua kwa hatua, kwa nini, kinatofautiana na nini, na namba moja au mbili za kushika. Mfano mmoja unatosha, chukua ule uliouelewa wewe. Makonyo yako yaandikie namba ya ukurasa wa kitabu pembeni, ukiyahitaji utarudi. Kipimo changu kilikuwa kurasa nne za kitabu zisizidi ukurasa mmoja wa daftari, na kila nikizidi najua sijaelewa, maana anoelewa jambo analisema kwa ufupi.

Kuhusu lugha, kwa kuwa naulizwa sana. Mtihani ni Kiingereza na utajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kitaalamu yaandike kama yatakavyotakiwa kwenye pepa, herufi kwa herufi, ukikosea tahajia ya jina la enzaimu unaweza kuandika kitu chengine kabisa. Lakini maelezo ya kukuingia kichwani andika Kiswahili kama kinakuingia hivo. Mie hapo juu nimekuandikia yote Kiswahili ili nisikuchoshe, ila kwenye daftari langu majina yako kwa Kiingereza na ile "inabanana" imebaki "inabanana" kwa sababu hakuna neno lilionielewesha kama hilo. Halafu siku ya Ijumaa baada ya sala nilikuwa nachukua ukurasa mmoja najibu maswali ya kushoto kwa Kiingereza kamili, kwa kuandika, kama niko chumba cha mtihani. Usiruke hili. Wengi tunajua jambo kwa Kiswahili tukifika kwenye pepa sentensi hazitoki. Na angalia swali linataka nini, likitaka utaje basi taja uende zako, likitaka ueleze lazima sababu iwemo, ripoti za CIRA zimejaa watu walotaja pale walipotakiwa waeleze.

Tano, kila somo na notsi zake

Kosa jengine ni kuandika masomo yote matatu kwa mtindo mmoja.

Baiolojia inataka michoro na mishale. Usichore ukipaka rangi kama mie zamani, chora kwa penseli, haraka, bila majina, kisha toa fotokopi tatu za mchoro mtupu na kila wiki jaza majina kwa kukumbuka. Moyo, nefroni, mitokondria, jani lilokatwa.

Kemia mie naigawa tatu. Ile ya hesabu, moli na msawazo na nishati, ifanye kama fizikia nitakavyosema hapo chini. Ile ya ogania usiiandike kwenye daftari kabisa, nunua karatasi ya manila, ibandike ukutani, chora ramani kama ramani ya njia za daladala. Alkini hapa, alkoholi pale, aldehaidi, asidi kaboksiliki, esta, na juu ya kila mshale andika unatia nini na kwa hali gani. Alkoholi ya praimari na potasiamu daikromati yenye asidi, rangi ya chungwa inakuwa kijani, ukiitonesha haraka haraka unapata aldehaidi, ukiiacha ichemke inajirudia mule mule unapata asidi. Mshale mmoja, habari mbili. Swali la kutoka kitu A kwenda kitu D huwa ni nauli tu, unatizama ramani unashuka wapi unapanda wapi. Mama mdogo alilalamika ukuta wake umechafuka lakini mwisho akawa yeye ndo ananiuliza "kutoka ethini kwenda esta unapitia wapi", hajui maana yake hata kidogo lakini anaweza kufuatisha mishale kwa kidole na kuniambia umekosea.

Ya tatu ni ile ya chumvi za praktiko, rangi na mashapo. Hii kadi kadi. Mbele "ayoni ya shaba, unatia amonia kidogo kidogo", nyuma "mashapo ya buluu hafifu, ukizidisha yanayeyuka inakuwa buluu iliyokoza". Chuma mbili kijani, chuma tatu kahawia. Hapa kukariri ni halali, usione haya.

Fizikia watu wanaandika fomula wanafikiri ndo notsi. Fomula bila masharti yake ni hatari kuliko kutoijua. Kila fomula iandikie vitu vinne: kila herufi ni nini na yuniti yake, masharti ya kuitumia, swali moja ulilolifanya mwenyewe, na mtego wake. Mfano v = u + at, sharti mchapuko usibadilike, ukibadilika usiiguse. Bernoulli, kimiminika kisiwe na mnato, kisibanike, mtiririko uwe tulivu, na uko kwenye mstari mmoja wa mtiririko. Kapasita zikifuatana hesabu yake ni kama rezista zilizo sambamba, mtego huo, nimeuandika kwa herufi kubwa kwa sababu ulinila mara mbili. Na fizikia usiisome kwa macho. Hakuna. Ukurasa mmoja wa notsi maswali kumi.

Sita, daftari la makosa

Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maneno yangu yote chukua hili. Daftari dogo la bei rahisi, kila ukifanya pasti pepa au jaribio na ukakosea, kosa linaingia humo siku hiyo hiyo. Unaandika swali kwa ufupi, ulijibu nini, jibu lenyewe, na sababu. Sababu ziko tatu tu usijidanganye na nyengine: sikujua, nilijua nikasahau, au sikusoma swali vizuri. Kila moja ina dawa yake. Usilolijua rudi kwenye kitabu. Ulilolisahau tengeneza kadi. La kutosoma swali dawa yake kupiga mstari chini ya neno la amri kabla hujaanza kuandika.

Mie baada ya miezi miwili nilikaa nikahesabu daftari langu, nikakuta kwenye PV = nRT nimesahau kugeuza selisiasi kuwa kelvini mara nne. Mara nne! Miezi yote nilikuwa najiambia gesi ni ngumu kumbe gesi naijua, sijui kuongeza 273. Bila ya lile daftari ningeendelea kusoma topiki nzima upya kila siku.

Saba, muraja'a, yaani kurudia ya nyuma

Sote tumepita chuo cha Kurani. Ustadh hakubali umsomee somo jipya kabla hujamsomea la jana, na kila baada ya siku anakurudisha nyuma kabisa juzuu uliyoimaliza zamani, ukitetereka huendi mbele. Anohifadhi bila muraja'a inampotea yote, hilo kila mtoto anajua. Sasa mbona kwenye baiolojia tunasoma topiki mara moja mwezi wa nane tunaikuta tena mwezi wa nne? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha mwaka 1885 kwamba kusahau kunakwenda mbio sana siku za mwanzo halafu kunapungua kasi, maustadh wetu walikuwa wanaifanyia kazi bila ya grafu.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Usiku ule ule nilioandika, funika upande wa kulia ujiulize wa kushoto, dakika kumi. Kesho yake tena. Baada ya siku tatu. Baada ya wiki. Baada ya wiki tatu, halafu kila mwezi mara moja. Juu ya kila ukurasa naandika tarehe kwa penseli nikishamaliza naikata. Ukurasa nilojibu wote bila kukwama unaruka hatua, ulionishinda unarudi mwanzo kama mtoto aliyetetereka.

Kadi nazo zina mtindo wake, Sebastian Leitner ndo aliyeuandika miaka ya 1970, maboksi. Chukua maboksi matatu ya viatu. Kadi mpya zote boksi la kwanza, hilo kila siku. Ukipata inahamia la pili, hilo kila baada ya siku tatu. Ukipata tena la tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa popote inarudi la kwanza bila ya huruma. Anotaka kutumia simu ipo programu ya Anki, kwenye Android na kompyuta ni bure na inakupangia siku yenyewe, mie nilishindwa nayo tu kwa sababu nikishika simu kutizama kadi moja najikuta nusu saa baadae natizama harusi ya mtu nisomjua. Na umeme ukikatika boksi la viatu halina chaji, kandili inatosha.

Kuhusu diskasheni na kuazimana

Grupu la watu watatu wanne zuri, kumi sio diskasheni tena ni barza. Kila mtu aje na maswali yake ya upande wa kushoto, mnabadilishana daftari, unaulizwa maswali ya mwenzio. Utagundua mwenzio ameona kitu hujakiona. Mdogo wangu mmoja wa Konde alinisumbua mpaka nikamwambia haya, nikampigia picha upande wa kushoto peke yake, maswali bila majibu, topiki mbili. Akakasirika siku tatu. Siku ya nne akanipigia ananiambia dada swali la saba la kwako limekosewa, nikatizama, kweli limekosewa.

Walio na mpango wa nje

India ukitaka MBBS, shahada yao ya udaktari, kuna mtihani wa NEET, hata mgeni anaufanya. Maswali 180 ya kuchagua, baiolojia peke yake 90, fizikia 45, kemia 45, ukipata unaongezwa 4 ukikosea unakatwa 1, jumla 720. Hapo notsi za maelezo marefu hazikusaidii, kadi na daftari la makosa ndo vinafanya kazi, na kwenye daftari la makosa ongeza sababu ya nne, nilibahatisha, uone kubahatisha kumekugharimu ngapi. Uingereza wana UCAT ambayo haiulizi baiolojia wala kemia, ni kufikiri na hesabu na maamuzi kwa haraka, kwa hiyo usikae kuiandikia notsi, ifanyie mazoezi kwa saa mkononi basi.

Mwezi wa mwisho

Usiandike notsi mpya. Mtu anaanza daftari jipya mwezi wa mwisho, huyo anakimbia mtihani kwa kujishughulisha. Unachofanya ni kupunguza. Kila topiki maswali yanayokushinda mpaka leo, hayo tu, yahamishie karatasi moja. Somo zima lisizidi karatasi tatu. Wiki ya pepa ziwe moja.

Usiku wa kuamkia pepa mie nilisoma ile karatasi moja na kurasa tano za daftari la makosa, saa nne nikalala, mama mdogo kaniamsha alfajiri. Asubuhi kwenye gari nimeikunja mkononi, nimeisoma mpaka Mwanakwerekwe, nikafika nikampa mama mdogo, aliyenisindikiza, anirudishie nyumbani pamoja na simu. Juu kabisa nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, 273.